Kusubiri Jukwaani

Kikundi cha maigizo cha watu wazima wenye ulemavu wa akili hukutana kama vinavyokutana vikundi vingine: ukumbi wa kukodi, viti vilivyosukumwa ukutani, birika la chai, na mwongozaji anayeitupia saa jicho. Waliomo ni watu wa miaka ishirini hadi sitini na ushei. Wengine wana hali ya Down, wengine ulemavu wao haujawahi kupewa jina. Wapo wanaosoma gazeti, na wapo wasioweza kuhesabu chenji ya soda. Wanachofanya kwa saa mbili tatu ni kile wanachofanya waigizaji popote: wanapasha mwili moto, wanarudia kipande kilekile mpaka kikae, wanagombania nani asimame wapi.

Baadhi ya programu hizi ni za tiba, na huko afya ya mshiriki ndiyo lengo, hadhira haialikwi. Nyingine ni za kuchangamsha siku, sehemu ya ratiba ya kituo cha kutwa baina ya upishi na matembezi. Nyingine tena ni kampuni za kitaalamu zinazouza tiketi na kulipa mishahara. Mipaka baina yake huvuja. Makala haya yanahusu zaidi hizo za mwisho, na zile za kuchangamsha siku pale zinapotamani kuwa zaidi ya hapo.

Neno lenyewe linahitaji kuwekwa sawa. Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Huanza mapema, wakati ubongo ungali unakua, humfanya mtu ajifunze polepole na ahitaji msaada katika baadhi ya mambo ya kila siku, wala hauji na kuondoka kama homa. Kiswahili kina maneno mengi ya zamani kwa watu hawa, taahira, zezeta, punguani, zuzu, na karibu yote yamegeuka matusi. Hata hivyo neno linaloharibu zaidi mazoezi ni la upole: mtoto. Mwanamume wa miaka arobaini na minane, mwenye mvi, huitwa mtoto na mama yake, na jirani, na dereva anayemleta. Katika mtaa wowote wa Tanga mtu wa umri huo angekuwa kaka au mjomba, na wadogo wangemwamkia shikamoo. Mwongozaji anayemwona mtoto mbele yake humpa kazi ya kitoto: kuwa nyuki, kuwa ua, kuwa malaika wa Krismasi mwaka baada ya mwaka.

Mwandishi wa makala haya aliingia katika shughuli hii kwa mlango wa nyuma. Kama Waafrika Mashariki wengi walioko Uingereza, aliajiriwa kuwa mhudumu wa watu wenye ulemavu, na kila Alhamisi alitakiwa kuwasindikiza wanne kati yao hadi kwenye mazoezi ya kikundi kimoja kaskazini mwa nchi hiyo. Alikaa misimu minne. Mengi yanayoelezwa hapa aliyajua kwa kuyakosea kwanza, na kampuni zinazojulikana duniani zilikuwa zimeyajua kabla yake.

Jukwaa na ulemavu wa akili vimejuana tangu zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1868 daktari Mwingereza, John Langdon Down, na mkewe Mary walifungua nyumba ya kulelea watu wenye ulemavu wa akili huko Normansfield, kusini-magharibi mwa London. Mwaka 1879 ukaongezwa ukumbi wa tamthilia wenye pazia na mandhari za kuchorwa kwa mkono, ambazo nyingi zipo hadi leo. Muziki na maigizo vilihesabiwa kuwa sehemu ya matunzo, na aliyeomba kazi pale alipendelewa kama alijua kuimba au kupiga ala. Daktari huyu ndiye yuleyule ambaye mwaka 1866 aliandika makala akiwagawa wagonjwa kwa sura za mataifa ya dunia na kuwaita baadhi yao Wamongolia. Jina hilo lilidumu hadi Shirika la Afya Duniani lilipoliacha mwaka 1965. Ukumbi na jina baya vilitoka kwa mtu mmoja.

Nyumba kubwa za namna hiyo zilianza kufungwa katika nusu ya pili ya karne ya 20, hasa baada ya uchunguzi kuonyesha jinsi watu walivyokuwa wakitendewa ndani yake. Ripoti kuhusu hospitali ya Ely, huko Cardiff, ilitolewa mwaka 1969, na miaka miwili baadaye serikali ya Uingereza ikatangaza sera ya kuwarudisha watu katika makazi ya kawaida. Normansfield ilifungwa mwaka 1997. Australia ilichukua muda zaidi: Kew Cottages ya Melbourne, iliyofunguliwa mwaka 1887, ilifunga milango mwaka 2008. Watu wazima kwa maelfu wakajikuta mitaani, wana chumba na ufunguo wao, lakini siku nzima haina kazi. Vikundi vingi vya maigizo vilizaliwa katika pengo hilo.

Compagnie de l'Oiseau-Mouche ilianzishwa mwaka 1978 huko Roubaix, kaskazini mwa Ufaransa. Back to Back Theatre ilianza mwaka 1987 huko Geelong, mji wa bandari ulio kilomita kama 75 kutoka Melbourne, na Mind the Gap ikaanza Bradford mwaka 1988. Yote mitatu ni miji iliyotajirika kwa sufu na kufifia viwanda vilipodorora; kumbi tupu hazikuwa shida. Theater HORA, iliyoanzishwa na Michael Elber mwaka 1993, ilipata bahati ya kuzaliwa katika mji tajiri, Zürich.

Somo la kwanza la mazoezi ni kusubiri, na ndilo linalowashinda wengi. Katika msimu wa kwanza wa kumbukumbu hizi, mwanamume mmoja alipewa sentensi moja tu: aingie dukani na kutangaza kwamba mkate umekwisha. Alikuwa anaingia, anasimama, anavitazama viti vitupu vya watazamaji, ananyamaza. Mhudumu wake, kwa huruma, alimnong'oneza maneno. Akayasema kwa sauti ya mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Ikawa hivyo wiki tatu. Wiki ya nne mwongozaji alimwomba mhudumu akakae karibu na mlango wa jikoni. Mwanamume akaingia, akasimama, na ukimya ukaanza kuwasha. Mhudumu alihesabu moyoni hadi kumi na tisa. Ndipo sentensi ikaja, nzito, na kila aliyekuwamo ukumbini akaamini kwamba mkate umekwisha kweli na kwamba jambo hilo ni msiba.

Watu wengi wenye ulemavu wa akili huhitaji muda zaidi kati ya kusikia na kujibu. Anayewajibia huona amewasaidia, na baada ya miaka ya kujibiwa mtu huacha kujaribu. Huangalia upande, akijua jibu litatoka kinywani mwa mwingine. Mezani ukimya wa sekunde kumi na tisa huleta aibu. Jukwaani ni kitu ambacho waigizaji wengine husomea miaka mingi ili waweze kukivumilia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msaidizi ni kujizuia, na kujizuia huchosha kuliko kubeba viti.

Mwaka 2012 mtunzi wa dansi wa Ufaransa, Jérôme Bel, alitengeneza pamoja na waigizaji wa HORA kazi iitwayo Disabled Theater. Agizo lake la kwanza ni jepesi kulieleza: kila mwigizaji aingie peke yake, asimame mbele ya watazamaji dakika moja, atoke. Hakuna maneno, hakuna muziki. Dakika ya mmoja hurefuka, ya mwingine hukatika mapema. Mtazamaji, ambaye tangu utotoni amefundishwa kutowakodolea macho watu wenye ulemavu, anajikuta amelipa kiingilio ili akodoe. Baadaye kila mmoja hutaja jina, umri na kazi yake, na kazi wanayoitaja ni uigizaji. Kisha huja dansi ambazo kila mtu alijitungia kwa muziki aliouchagua. Julia Häusermann alicheza kwa wimbo wa Michael Jackson, na mwaka 2013 akapewa tuzo ya Alfred Kerr, ambayo hutolewa kwa mwigizaji kijana katika tamasha la Theatertreffen mjini Berlin.

Back to Back walilifikia jambo hilohilo kwa njia nyingine. Igizo lao small metal objects, la mwaka 2005, huchezwa katikati ya stesheni ya treni au uwanja wenye watu. Watazamaji hukaa juu ya ngazi za viti wakiwa wamevaa hedifoni, na waigizaji, wenye maikrofoni ndogo mwilini, wamezama katika umati wa wapita njia. Sauti hufika sikioni kabla jicho halijampata msemaji. Kisa ni cha marafiki wawili, Gary na Steve. Watu wa ofisini wenye haraka wanataka kununua dawa za kulevya kupitia kwao, lakini Steve amesimama mahali, anawaza, hataki kuondoka, na Gary hawezi kumwacha. Dili linakufa kwa sababu mtu mmoja hayuko tayari kusogea. Maikrofoni hizo zinatatua shida ya kawaida ya vikundi hivi, yaani sauti ndogo zisizofika safu ya nyuma. Mtazamaji haoni msaada wowote uliotolewa. Anachoona ni mtindo wa igizo.

Baada ya kusubiri kuna suala la maneno. Tamthilia iliyoandikwa hudai kumbukumbu ya neno kwa neno, na kumbukumbu ya namna hiyo ndiyo wengi wa waigizaji hawa hawana. Njia inayotumika zaidi ni kuanza bila maandishi. Waigizaji hupewa hali fulani, hubuni papo kwa papo, hurekodiwa, na baadaye mtu huyaandika yaliyosemwa na kuchagua yenye uhai. Maneno yanayorudi kwa mwigizaji hivyo yalikuwa yake tangu mwanzo, kwa hiyo hukaa kinywani bila kulazimishwa. Back to Back hutumia miaka kadhaa kwa igizo moja, jambo ambalo mfadhili yeyote hulisikia kwa mashaka.

Haimaanishi kwamba maandishi ya wakubwa hayagusiki. Huko Lima, Peru, Teatro La Plaza ilitoa Hamlet mwaka 2019 ikiwa na waigizaji wanane wenye hali ya Down. Chanzo chake ni Jaime Cruz, aliyekuwa akiwaonyesha watazamaji viti vyao katika ukumbi huo, ambaye alimwambia mwongozaji Chela De Ferrari kwamba yeye anataka kuigiza. Nafasi ya Hamlet ikagawanywa baina ya waigizaji, na maswali ya mwana wa mfalme kuhusu kuwapo kwake yakachanganywa na maisha ya watu ambao kuzaliwa kwao kwenyewe hujadiliwa na madaktari.

Katika kikundi cha Alhamisi alikuwamo dada mmoja ambaye hakusema sentensi ileile mara mbili. Wenzake walikasirika, kwa kuwa walikuwa wakisubiri neno fulani ili waingie. Mwongozaji aliacha kumpa maneno. Akampa jukumu: ahakikishe hakuna mtu anayekalia kiti cha buluu. Kuanzia siku hiyo alikitetea kiti kile kwa hoja mpya kila usiku, mara ni cha marehemu baba yake, mara kina rangi mbichi, na wenzake wakajifunza kuingia pale anapokigusa kwa mkono, si pale anaposema jambo fulani. Ishara ya mwili ni ngazi imara kuliko ishara ya neno. Kanuni hiyo ingefaa kundi lolote la maigizo, lakini makundi mengine hayalazimiki kuigundua.

Gumu zaidi ni suala la nani anaamua. Karibu kila kampuni iliyotajwa hapa ilianzishwa na mtu asiye na ulemavu, na aliye kwenye kiti cha mwongozaji huwa ni wa namna hiyohiyo. Katika Disabled Theater Bel alichagua dansi saba tu, akaziacha nyingine. Waliokosa walilalamika, na malalamiko hayo yakaingizwa katika onyesho, kisha nao wakacheza. Waigizaji pia waliulizwa mbele ya watazamaji wanaionaje kazi hiyo, na baadhi wakasimulia jinsi ndugu zao walivyoumia kuwaona wakitazamwa kama wanyama wa maonyesho. Je, kulalamika kwa idhini ya mwongozaji bado ni kulalamika? HORA wenyewe walijaribu kujibu kwa vitendo. Kuanzia mwaka 2013 walianzisha mradi wa Freie Republik HORA, ambamo wanakikundi wenye ulemavu walishika uongozaji, wakapanga, wakakosea, wakaonyesha.

Back to Back waliliweka suala hilo ndani ya hadithi. Ganesh Versus the Third Reich, iliyotolewa Melbourne mwaka 2011 chini ya uongozaji wa Bruce Gladwin, ina kisa cha Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, anayesafiri kwenda Ujerumani ya Hitler kuidai alama ya swastika. Kisa hicho kinakatizwa kila mara na kisa kingine, cha kampuni inayofanya mazoezi ya igizo hilo, ambamo mwongozaji asiye na ulemavu anawabembeleza, anawashinikiza, na mwishowe anawaonea waigizaji. Linaulizwa waziwazi kama mmoja wao anaelewa lipi ni igizo na lipi ni kweli. Mandhari ya Ujerumani haikuokotwa ovyo: kati ya mwaka 1940 na Agosti 1941 utawala huo uliwaua kwa gesi zaidi ya watu 70,000 wenye ulemavu au magonjwa ya akili.

Katika ukumbi wa Alhamisi mambo yalikuwa madogo, ila ni yaleyale. Msimu wa pili wanakikundi waliulizwa wanataka igizo kuhusu nini. Wahudumu walitarajia mapenzi au safari ya baharini. Jibu lililoshinda kwa mikono iliyoinuliwa lilikuwa mkutano wa tathmini, ule wa kila mwaka ambamo ofisa, mhudumu na ndugu hukaa kumzunguka mtu na kumjadili yeye akiwapo. Waliuigiza kwa ukatili mtamu. Aliyecheza nafasi ya ofisa hakumtazama mhusika hata mara moja. Alisoma makaratasi, akamwuliza mama yake kama anakunywa chai na sukari. Wahudumu waliokuwa pembeni walicheka, kisha mmoja mmoja wakaacha kucheka.

Malipo huzungumzwa kidogo. Oiseau-Mouche ina waigizaji wa kudumu wapatao ishirini, wanaoajiriwa kwa mfumo wa Ufaransa wa vituo vya kazi kwa watu wenye ulemavu, na sehemu ya malipo yao hutoka serikalini. Mfumo huo una wakosoaji wake, kwa kuwa aliyemo hahesabiki mfanyakazi kamili kisheria, lakini angalau mwigizaji huamka asubuhi akijua anakwenda kazini. Uingereza, mtu anayepokea ruzuku ya kutoweza kufanya kazi huruhusiwa kufanya kazi chini ya saa 16 kwa wiki, na mapato yake yasivuke kiwango kilichowekwa. Kikundi cha Alhamisi kilipopata maonyesho matatu ya kulipwa, familia nne zilikataa malipo kabisa kwa kuhofia barua za ofisi. Dada wa kiti cha buluu alichukua bahasha yake. Hakujua kuhesabu kilichomo. Alichofanya ni kuibana kwa vidole pamoja na bahasha za wenzake ili kupima kama unene ni mmoja.

Woga wa kunyonywa si wa kufikirika. Igizo la Back to Back la mwaka 2019, The Shadow Whose Prey the Hunter Becomes, linakumbusha mkasa wa wanaume wenye ulemavu wa akili katika jimbo la Iowa, Marekani, waliofanya kazi katika kiwanda cha nyama ya batamzinga kwa miongo kadhaa wakilipwa dola 65 kwa mwezi. Mwaka 2013 wazee wa baraza waliamua walipwe fidia ya dola milioni 240, na sheria ikaishusha hadi karibu milioni 1.6. Katika igizo hilo waigizaji wameitisha mkutano wa hadhara, maneno yao yanaonekana kwenye skrini juu ya vichwa vyao, na mmoja anachukizwa: yale maandishi ni ya nini, ikiwa anaongea vizuri?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unataka katika ibara ya 30 nchi ziwawezeshe watu hawa kukuza vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao na kwa kuitajirisha jamii. Sehemu hiyo ya mwisho husahaulika. Afrika Mashariki wanafunzi wa vitengo vya elimu maalumu huimba na kucheza ngoma kwenye sherehe za Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, tarehe 3 Desemba. Wakishakuwa watu wazima, wengi hubaki nyumbani, na jukwaa huishia walipovulia sare ya shule.

Jambo jingine ambalo hakuna kitabu cha tamthilia kinachofundisha ni usafiri. Teksi za kuwarudisha waigizaji wawili wa kikundi cha Alhamisi ziliagizwa na ofisi iliyokuwa ikilipa, zilifika saa tatu kamili usiku, na hazikusubiri. Onyesho la kwanza lilikwisha saa tatu na dakika kumi. Wawili hao waliondolewa katikati ya tukio la mwisho, maleba yakiwa bado mwilini. Simu zilipigwa, barua zikaandikwa, na ratiba haikubadilika. Basi igizo likabadilishwa: wahusika wao wakatungiwa safari, wakaaga jukwaani kwa dakika tatu nzima, wakatoka kupitia katikati ya watazamaji wakiwa na mabegi yao ya kweli, wakapanda teksi ya kweli. Mwanga wa taa zake ulionekana dirishani. Watazamaji waliosifu ubunifu wa tukio lile hawakuambiwa chanzo chake.

Watazamaji nao wana desturi zao. Wengi huja kwa sababu wana ndugu jukwaani, hupiga makofi mapema, hulia kabla jambo la kuliza halijatokea. Makofi ya namna hii husifu ujasiri, si kazi, na mwigizaji aliyekosea huyapata sawa na aliyepatia. Wanaoigiza kwa muda mrefu hulijua hilo. Mwaka 1996 Pascal Duquenne, Mbelgiji mwenye hali ya Down, aligawana na Daniel Auteuil tuzo ya mwigizaji bora wa kiume huko Cannes kwa filamu Le Huitième Jour. Back to Back walipata Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen mwaka 2022 na Simba wa Dhahabu wa Venice mwaka 2024. Tuzo hazimfikii mtu wa kikundi cha mtaani, ila zimewapa wahakiki ruhusa ya kufanya jambo ambalo kwa miaka mingi waliliona ni ukatili, yaani kuandika kwamba onyesho fulani la watu wenye ulemavu wa akili lilikuwa baya.

Mwisho kuna uzee. Siku hizi watu wenye hali ya Down huishi mara nyingi hadi miaka sitini, ilhali karne moja iliyopita wachache walivuka utoto. Urefu huo wa maisha umekuja na ugonjwa wa Alzheimer, ambao huwapata mapema na kwa wingi kuliko watu wengine, mara nyingi kuanzia miaka ya hamsini. Jeni moja inayohusika na protini ya ugonjwa huo imo katika kromosomu ya 21, ambayo wao wanazo tatu badala ya mbili. Kampuni zilizoanza na vijana katika miaka ya 1980 sasa zina waigizaji wanaosahau njia ya kwenda chooni katika jengo walilolifanyia kazi nusu ya maisha yao.

Mwanamume wa mkate alikuwa na miaka hamsini na miwili msimu wa nne ulipoanza. Kikundi kilikuwa kimerudia igizo la duka, kwa ombi la wanakikundi. Aliingia, akasimama, na mhudumu akakaa karibu na mlango wa jikoni kama alivyofundishwa, akihesabu. Alipita kumi na tisa, akapita arobaini. Alikuwa amejifunza kusubiri, na ilimchukua wiki mbili kuelewa kwamba safari hii hakuna kilichokuwa kinakuja. Uso wa mtu anayetafuta neno na uso wa mtu aliyepoteza sababu ya kuwa pale hufanana ukiwa mbali. Aliyeitambua tofauti ni dada wa kiti cha buluu, kwa kuwa yeye alikuwa jukwaani, hatua mbili kutoka kwake. Bila kuelekezwa na mtu, akageuka na kumwuliza: mkate upo? Akatikisa kichwa. Basi ikawa hivyo mpaka mwisho wa msimu: swali lake yeye, na kichwa kikitikiswa, polepole, upande mmoja na mwingine.